PlantUML kwenye miradi ya makundi: kwa nini wanafunzi wangu hawachori tena kwa kipanya

Nafundisha usanifu wa programu kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam. Kazi yao kubwa ya muhula ni moja: kundi la watu watano linajenga programu inayofanya kazi, linatumia ruwaza za usanifu (namna zilizozoeleka za kupanga msimbo) zisizopungua tatu, kisha linasimama mbele yetu kueleza kwa nini lilichagua hizo na si nyingine. Hapa napitia chombo kimoja tu kati ya vingi wanavyotumia, PlantUML, programu ya kutengenezea michoro. Kimebadilisha namna makundi yangu yanavyofanya kazi pamoja kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuwapa, na ningependa walimu wenzangu na wanafunzi wa vyuo vingine wakijue, pamoja na mapungufu yake.

Kwa asiyeijua: kwenye PlantUML huburuti maboksi. Unaandika maelezo ya mchoro kwa maneno kwenye faili la kawaida, programu inayasoma na kukutolea picha. Arnaud Roques aliitoa mwaka 2009, msimbo wake uko wazi, na hulipi chochote kuitumia. Huu ni mchoro wa kundi lililokuwa linajenga mfumo wa kikoba:

@startuml
interface KanuniYaRiba {
  kokotoa(mkopo)
}
class RibaYaAwali
class RibaYaSalio
class Mkopo
KanuniYaRiba <|.. RibaYaAwali
KanuniYaRiba <|.. RibaYaSalio
Mkopo --> KanuniYaRiba
@enduml

Kiolesura (interface) kimoja, yaani ahadi ya kazi itakayofanywa, klasi (class, kipande cha msimbo chenye kazi yake) mbili zinazokitimiza, na klasi ya mkopo inayokitegemea. Mwanafunzi aliyewahi kuandika Java anausoma bila kufundishwa, na asiyewahi anahitaji dakika chache kuelewa kwamba mstari wa nukta unamaanisha kutimiza na mstari mzima unamaanisha kutumia.

Ruwaza hiyo inaitwa Strategy, nami darasani naiita Mkakati. Ni moja kati ya 23 zilizokusanywa mwaka 1994 na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides. Kwenye kikoba ina kazi ya kweli. Chukua mkopo wa shilingi 300,000 unaolipwa kwa miezi mitatu, riba asilimia 10 kwa mwezi, na mkopaji anarudisha laki moja ya mkopo kila mwezi. Kikundi kinachotoza riba juu ya mkopo wa awali kitachukua 30,000 kila mwezi, jumla 90,000. Kikundi kinachotoza juu ya salio kitachukua 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000, jumla 60,000. Tofauti ya shilingi 30,000 kwa mama anayeuza vitumbua ni kubwa, na kila kikundi kina katiba yake. Hesabu ikiandikwa ndani kabisa ya klasi ya Mkopo, kikundi chenye katiba tofauti hakiwezi kuitumia programu hiyo mpaka mtu aufumue msimbo. Kanuni ya riba ikitolewa nje na kusimama peke yake, kila kikundi kinachomeka ya kwake na Mkopo haujui wala haujali ni ipi.

Sasa, mchoro kama huo ungeweza kuchorwa na programu yoyote. Kinachonifanya niisifu PlantUML ni kile kinachotokea kwa watu watano wanaoutumia.

Zamani mambo yalikwenda hivi. Mmoja kwenye kundi, mara nyingi mwenye laptopu nzuri, ndiye aliyekuwa "mtu wa michoro". Anachora kwa kipanya, anatoa picha, anaitupa kwenye WhatsApp ya kundi. Mtu akitaka kubadilisha kitu inabidi amwombe yeye, na yeye ana mtihani wa somo lingine. Basi wengine wanaendelea kuandika msimbo kwa kadiri kila mmoja anavyoona. Mwisho wa muhula unakuta mchoro wa wiki ya nne na msimbo wa wiki ya kumi na mbili havifahamiani. Ukimwuliza mwanafunzi mshale fulani kwenye ripoti una maana gani, anamgeukia mwenzake. Nilikuwa nawapa maksi za usanifu watu wanne ambao hawakusanifu chochote, na niliona uchungu kwa sababu wengi wao walikuwa na akili ya kufanya hivyo. Chombo tu ndicho kilichowaweka nje.

Faili la PlantUML linakaa ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, pamoja na msimbo. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mwanafunzi anafungua tawi lake, yaani nakala yake ya kufanyia kazi, anabadilisha klasi, anabadilisha na mstari wa mchoro unaoihusu, anatuma ombi la kuunganisha, yaani anaomba mabadiliko yake yaingizwe kwenye kazi ya kundi. Wenzake wanaona mistari iliyoondolewa kwa rangi nyekundu na iliyoongezwa kwa kijani. Mshale mmoja umehama, na kila mtu ameuona ukihama. Picha ya kawaida haina hiyo: Git itakuambia faili limebadilika, basi, na mgongano ukitokea kati ya picha mbili hakuna namna ya kuziunganisha zaidi ya kuchagua moja na kuitupa nyingine.

Nilikaa na kundi hilo la kikoba siku waliyokuwa wanabishana juu ya mstari mmoja. Kijana alikuwa ameandika

Mkopo --> MtumaSMS

kwa sababu mkopo ukiidhinishwa, mwanachama atumiwe ujumbe. Msimbo wake ulikuwa unafanya kazi, ameshaujaribu, na alitaka uunganishwe ili alale. Binti mmoja wa kundi, ambaye kwenye vikao vya kawaida haongei sana, akaandika chini ya mstari ule: "Kaka, kwa nini mkopo ujue habari za SMS?" Akajibiwa kwamba ndivyo wateja walivyoomba. Akaandika tena: "Na katibu akitaka nakala iingie kwenye daftari la kikao? Na mweka hazina akitaka aone salio jipya? Utaongeza mishale mingapi kutoka kwenye Mkopo?" Yule kijana hakujibu palepale. Kesho yake mstari ule ulikuwa umefutwa, na mahali pake pamekuja kiolesura kinachoitwa Msikilizaji, chenye klasi tatu zinazokitimiza: ya SMS, ya daftari na ya salio. Mkopo unatangaza kwamba umeidhinishwa, anayetaka kusikia anasikia.

Hiyo ni Observer, ruwaza nyingine kati ya zile 23. Walikuwa wameisoma kwangu wiki mbili kabla, wakaiandika kwenye daftari na kuisahau. Waliifikia wenyewe kwa kubishana juu ya mshale. Sidhani mabishano yale yangetokea juu ya picha, kwa sababu kwenye picha huwezi kumwekea mtu swali chini ya mstari mmoja, na binti yule asingesimama darasani kumpinga mwenzake mbele ya watu. Aliandika kwa utulivu, akiwa hosteli, na hoja yake ikasimama kwa uzito wake.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea kabisa, nayo imetokana na kuandika majina kwa Kiswahili. PlantUML haijali lugha. Nawasisitizia wanafunzi wayaite mambo kwa majina ambayo mwenye kazi anayatumia: hisa, mfuko wa jamii, faini, mdhamini. Kundi lilipochora hali za mkopo, lilitumia aina nyingine ya mchoro ambayo PlantUML inaimudu vizuri sana:

[*] --> Ombi
Ombi --> Umeidhinishwa : kikao kimekubali
Ombi --> Umekataliwa : kikao kimekataa
Umeidhinishwa --> Unalipwa : fedha zimetoka
Unalipwa --> Umechelewa : tarehe imepita
Umechelewa --> Unalipwa : amelipa na faini
Unalipwa --> Umefungwa : salio sifuri

Waliuchapisha kwenye karatasi wakaenda nao Mbagala kwa mweka hazina wa kikundi walichokuwa wanakijengea. Mama wa watu hajawahi kuandika programu maishani. Akafuata mishale kwa kidole, taratibu, akafika kwenye Umechelewa akasimama. "Wanangu, aliyefiwa mnamweka wapi?" Kwenye kikundi chao, mwanachama akifiwa, mkopo wake unasimama mpaka kikao kijacho na faini haimhusu. Haikuwa imeandikwa kwenye katiba yao, wao wanajuana tu. Wanafunzi walirudi na hali mpya, Umesimamishwa, na mishale miwili. Kwa kuwa walikuwa wametumia ruwaza ya State, yaani kila hali ina klasi yake, kuongeza hiyo hali mpya kuligusa klasi moja mpya na klasi moja ya zamani. Kama wangekuwa na lundo la "kama, la sivyo kama" ndani ya klasi ya Mkopo, wangefumua nusu ya kazi zikiwa zimebaki siku chache kuwasilisha.

Ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta apate siku kama ile ya Mbagala. Mtu anayeijua kazi alisahihisha usanifu wao, na aliweza kwa sababu mchoro ulisema lugha yake.

PlantUML pia inafichua ruwaza za kubandika, zile zinazowekwa ili kutimiza idadi. Inayopendwa kwa kubandikwa ni Singletoni, kwa kuwa ni rahisi kuandika: klasi inayoruhusu objekti moja tu. Kundi moja lilikuwa na klasi iliyoitwa MenejaMkuu, Singletoni, na kila kitu kilikuwa kinaipitia. Msimbo ukiusoma faili kwa faili huoni tatizo. Walipotoa mchoro, mishale yote kumi na kitu ilikuwa inaelekea boksi moja katikati. Sikuhitaji kusema neno. Mmoja wao alisema, "Madam, hii si ruwaza, hii ni foleni ya benki." Wakaigawa klasi ile kuwa nne, na Singletoni ikabaki mahali pamoja tu ilipostahili, kwenye mipangilio ya programu inayosomwa mara moja programu inapowaka.

Suala la wanaobebwa. Kila mwalimu wa kazi za makundi analijua, na wanafunzi wanaonyamaza kumlinda rafiki wanalijua zaidi. Kwa sababu mchoro ni maandishi ndani ya Git, historia inaonyesha nani alibadilisha nini na lini. Naitumia, lakini kwa uangalifu. Sihesabu mistari. Yule binti wa swali la SMS, kwa mistari, alikuwa wa nne katika kundi lake, ilhali ndiye aliyeigeuza programu nzima. Kwa hiyo nasoma pia maswali yaliyoandikwa kwenye maombi ya kuunganisha, na siku ya uwasilishaji namwomba kila mtu aeleze mshale mmoja ambao hakuuchora yeye. Hapo huwezi kubebwa.

Sasa mapungufu, nayo yapo ya kutosha.

La kwanza na linalokera zaidi ni mpangilio. Hupangi wewe boksi likae wapi, injini ndiyo inayopanga. Mchoro wa klasi sita au nane unatoka msafi. Ukifika ishirini, mishale inapishana, boksi muhimu linatupwa pembeni, na unaweza kupoteza jioni nzima ukilisogeza kwa hila. Hila zipo: unaandika -left-> au -up-> kuelekeza mshale, unaweka "left to right direction" juu ya faili, unaweza hata kuweka mshale usioonekana wa kuvuta boksi. Lakini ni ombi tu, na injini inaweza kulifuata huku ikivuruga upande mwingine. Ushauri wangu kwa makundi ni kutolazimisha mchoro mmoja ubebe programu nzima. Ruwaza moja, faili moja, mchoro mmoja. Kitu kinachorudiwa, kama rangi na mwonekano, kiwekwe kwenye faili la pamoja na kuvutwa kwa !include, amri ya kuingiza faili moja ndani ya jingine. Kundi likifanya hivyo hata migongano ya Git inapungua, kwani watu wawili hawagusi faili moja.

La pili ni ujumbe wa makosa. Ukikosea, picha inayotoka inakuambia kuna kosa la uandishi kwenye mstari fulani, basi. Haikuambii kosa ni nini. Kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza inavunja moyo. Mara nyingi ni mabano yaliyosahaulika kufungwa au kichwa cha mshale kilichoandikwa kinyume, na ukishazoea unaliona haraka, ila mwanzoni wanahitaji mtu wa kukaa nao.

La tatu ni zito zaidi: PlantUML haijui msimbo wako. Unaweza kuandika kwamba Mkopo unategemea KanuniYaRiba, huku msimbo ukiwa na hesabu zote mlemle ndani, na itakuchorea vizuri tu. Mchoro unabaki kuwa kweli kwa nidhamu ya kundi. Kwetu kanuni ni kwamba ombi la kuunganisha linalobadilisha uhusiano wa klasi bila kugusa mchoro linarudishwa na mwanakundi yeyote anayeliona, bila kungoja mimi. Makundi yanayoshika kanuni hiyo yanafika mwisho na mchoro wa kuaminika. Yasiyoishika yanarudi palepale pa zamani, tena kwa picha nzuri zaidi.

Kuhusu mazingira yetu, hapa inapata maksi nyingi. Ni faili moja la Java, unalibeba kwenye fleshi. Mwanafunzi wa Java tayari ana kila kitu, anaandika

java -jar plantuml.jar mchoro.puml

na picha inatokea palepale kwenye folda. Bando halihitajiki. Mtandao wa maabara ukizima, kazi inaendelea, na laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4 haihangaiki. Michoro ya mfuatano wa ujumbe inatoka bila kitu kingine. Michoro ya klasi na ya hali kwa kawaida inategemea programu nyingine inayoitwa Graphviz, na hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza. Dawa ni kuandika mstari huu juu ya faili: !pragma layout smetana. Unaiambia itumie injini yake ya ndani, na Graphviz haihitajiki tena. Mpangilio unaweza kutofautiana kidogo, kwa kazi za darasani unatosha. Wanaotumia VS Code, programu ya kuandikia msimbo, wana kiendelezi kinachoonyesha mchoro pembeni unavyoandika, wanabonyeza Alt na D.

Asiye na kompyuta yake anaweza kutumia seva iliyoko kwenye tovuti ya PlantUML kupitia simu. Inafaa kujua kwamba kiungo kile kirefu unachopata ndicho mchoro wenyewe, maandishi yote yamebanwa humo ndani. Ukikituma kwenye WhatsApp umetuma mchoro mzima, na mwenzako anaweza kuufungua na kuendelea kuuhariri. Kwa sababu hiyohiyo, kazi ya mteja mwenye siri zake usiipitishe huko. Kwa mradi wa mama wa Mbagala tulikubaliana kila kitu kibaki kwenye kompyuta za wanafunzi.

Wataniuliza kuhusu Mermaid, nayo inachora kwa maandishi. Ni nzuri, na tangu Februari 2022 GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, inaionyesha moja kwa moja ndani ya faili la maelezo bila kusakinisha chochote, wakati PlantUML pale inabaki maandishi matupu mpaka utoe picha mwenyewe. Kundi linaloandika JavaScript, lisilo na Java kabisa, na linalohitaji michoro miwili mitatu, nalishauri lichukue Mermaid na lisijisumbue. Kwa kozi yangu nabaki na PlantUML kwa sababu ya michoro ya mfuatano, ambako unaweza kuonyesha kwa undani nani anamwita nani, kwa masharti gani na mara ngapi, na kwa sababu ya !include inayowezesha kundi kugawana mafaili bila kukanyagana.

Muhula ujao nabadilisha jambo moja. Mpaka sasa mchoro nimekuwa nikiudai wiki ya nne. Safari hii ombi la kwanza kabisa la kuunganisha katika kila kundi, kabla hata ya mstari mmoja wa Java, litakuwa faili la .puml lenye klasi tatu na majina ya Kiswahili yaliyotoka kinywani mwa mwenye kazi, na litaunganishwa tu baada ya wanakundi wote watano kuandika swali au maoni chini yake.